Mabaya Yake Aliyatangaza Mwenyewe

Kabla hujamwona ulikuwa umekwisha kumsikia. Kwanza pembe ya nyati mara tatu, kisha kimya cha kumtosha mwanamke kutua ndoo, kisha sauti: "Wenye masikio, mnaambiwa." Hakusema "nawaambia" hata siku moja. Mnaambiwa na imamu kwamba kesho kisima kitasafishwa. Mnaambiwa na fulani kwamba ng'ombe wake amevunja ua wa fulani na yuko tayari kupatana. Mnaambiwa na jamaa wa marehemu. Alikuwa na jina lake, bila shaka, lakini sikulisikia likitumika, na mimi silitumii hapa. Alikuwa Mpiga Mbiu, na mji wake ulikuwa mmoja wa ile midogo iliyo kati ya Msambweni na Ramisi.

Mimi nilimjua kwa vipande. Niliacha shule darasa la tatu kwa sababu mwalimu alikuwa akieleza habari za mto mmoja wa mbali nami nikataka kwenda kuuona. Sikuufikia. Nilikata miwa Ramisi msimu mmoja, nikapakia mizigo Kombani, nikavuka hadi kisiwa cha Chale na wavuvi wa pweza, nikachoka, nikarudi. Kila niliporudi nilifikia kwa Mpiga Mbiu, kwani nyuma ya nyumba yake palikuwa na banda, naye hakuniuliza hata mara moja nitaondoka lini. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, bila mke wala shamba, na mtu wa namna hiyo hashukuru chochote kama kutoulizwa.

Nyumbani alikuwa na sauti ndogo ya ajabu. Akikuomba chumvi ilikubidi uiname. Jirani yake, Bi Mpishi, ndiye aliyepika arusi na matanga yote ya mji ule, mwanamke mnene wa mikono ya kuinua masufuria, na alikuwa na maelezo yake. "Huyu sauti yake yote ni ya umma," alisema. "Ya nyumbani hakubakiwa nayo."

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Mwenye neno alikuja barazani asubuhi, akavua viatu, akaweka mbele yake tambuu iliyokwisha kukunjwa, popoo na chokaa ndani. Kisha akalisema neno lake mara mbili. Mpiga Mbiu alifumba macho, akalirudia mara moja, akaitia tambuu shavuni. Hapo limekwisha kuwa ahadi. Hata mwenyewe ukijuta, halirudi. Na kama hakuna aliyemletea neno, hakutafuna. Mdomo wake ulikuwa mwekundu kwa maneno ya watu tu.

Nilimwuliza siku moja, maana mimi sikosi swali, "Ami, na ukiletewa neno baya?"

"Baya kwa nani?"

"Baya tu. La uongo."

"Mimi husema ni nani aliyesema," akanijibu kwa ile sauti yake ya chumvi. "Uongo ni wake. Sauti ndiyo yangu."

Uaminifu huo ulimfikisha mbali. Bwana Shauri mmoja, Mzungu kijana kutoka boma la Kwale, alikuja mwenyewe kumpa neno kuhusu vyoo. Hakuwa na tambuu. Alitoa sigara, ikajadiliwa, ikakubaliwa. Mkalimani akataka kulinyoosha lile neno kidogo, Mpiga Mbiu akamkatalia: aliyesema ni yule, si wewe. Mchana kutwa mji ukasikia, "Wenye masikio, mnaambiwa na Bwana Shauri: nyinyi watu yote iko chimba choo, mimi iko rudi, mimi iko tazama, kama hapana choo mimi iko kasirika sana." Mkalimani akapeleka mashtaka kwamba serikali imedhihakiwa. Bwana Shauri alipoulizwa, inasemekana, alifikiri kidogo akasema ndivyo hasa alivyosema. Vyoo vikachimbwa kwa furaha.

Uaminifu huohuo ulimtia pia katika kisa cha mbuzi. Mtu alipotelewa na mbuzi mweusi, sikio moja limekatika ncha. Mpiga Mbiu akaletewa tambuu, akazunguka mitaa yote akimtangaza. Siku zote hizo mbuzi mweusi, sikio moja limekatika ncha, alikuwa akimfuata nyuma, kwa kuwa alipenda harufu ya tambuu. Watu walimwona. Kila mmoja alidhani ni mbuzi wa Mpiga Mbiu. Alipokuja kuulizwa mbona hakugeuka, alijibu kwamba aliambiwa atangaze, hakuambiwa atafute.

Lakini kilichoyapita haya yote, mazuri na ya mbuzi, ni kile kinyang'anyiro cha umakamu.

Mji ule ulikuwa na Chama cha Masufuria. Ni masufuria kumi na mawili ya karamu, makubwa hata mtu mzima angeweza kuchuchumaa ndani ya moja, pamoja na miko yake na mabusati ya kukalia wageni, vyote vikiwa katika stoo ya mabati karibu na msikiti. Ukiwa na arusi au msiba, stoo inafunguliwa, wageni wanapikiwa. Isipofunguliwa, umeaibika. Mwenyekiti alikuwa mzee aliyepoteza masikio zamani. Muda wake ulikuwa umekwisha mara nyingi, lakini hakuna aliyeweza kumsikilizisha habari hiyo, kwa hiyo akaendelea. Kazi yote ilikuwa ya Makamu, kwa sababu Makamu ndiye aliyeshika ufunguo.

Makamu wa zamani alikuwa amefariki, na ufunguo ulikuwa katika mfuko wa koti lake, na koti lilikuwa limekwisha kutolewa sadaka. Waombolezaji wake mwenyewe walikaa na njaa mpaka alasiri, huku vijana wakimkimbiza maskini mmoja aliyekuwa akielekea Ramisi na koti zuri. Baada ya hapo mji ukakubaliana kwamba Makamu anayefuata achaguliwe kwa uangalifu.

Mpiga Mbiu akasema anautaka umakamu. Nilidhani nimesikia vibaya, maana alilisema tukiwa ndani, akimenya muhogo.

"Unautakia nini, ami?"

"Ule ufunguo."

"Ili iweje?"

"Mtu akifa, watu wale."

Aliyeniambia mengine ni Bi Mpishi. Mke wa Mpiga Mbiu alikuwa mtu wa bara, wa upande wa Kinango, kwao wafugaji. Masufuria walipewa waliomo katika daftari la chama tu. Mume hakujua kuandika. Alipooa alimwendea yule Makamu wa zamani akamtajia jina la mkewe kwa mdomo, mbele ya mashahidi, akarudi nyumbani ameridhika; kwake yeye neno likisemwa limekwisha kuwapo. Halikuandikwa. Mwanamke alipofariki daftari likafunguliwa, likatazamwa, likafungwa, na stoo haikufunguliwa. Ndugu zake walikuja kwa miguu kutoka Kinango. Wakapikiwa kwa visufuria vya majirani, kidogo kidogo, zamu kwa zamu, na zamu yao ilikuwa haijafika walipoinuka kurudi.

"Na msiba aliutangaza nani?" nikauliza.

"Nani mwingine?" akasema Bi Mpishi. "Alipita mtaa kwa mtaa. Mnaambiwa na mume wa marehemu. Kama kwamba anamsema mtu mwingine."

Mtaa wa Chini, ule wa pwani, ukamuunga mkono. Mtaa wa Juu, ulio kando ya barabara, ukamtoa Karani. Huyu alikuwa amestaafu kazi ya kuandika, mtu wa miwani, mwavuli, viatu vya ngozi na soksi. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda vitu viwe mahala pake. Alikuwa amekwisha kuyapitia yale masufuria kumi na mawili kwa hiari yake, akaandika kila sufuria lina mibonyeo mingapi. Alikuwa na shemeji, kaka wa mkewe, ambaye ndiye aliyesema kwa niaba yake, na kwa maoni yangu shemeji huyo alizaliwa kwa ajili ya uchaguzi na akacheleweshwa na maisha ya kawaida.

Mabishano yalifanyika penye baraza ya muuza kahawa, chini ya dirisha la Bi Mpishi.

"Makamu ni mtu wa kuandika," alisema shemeji. "Huyu wenu akikutana na jina lake njiani hatalisalimia."

"Kwani masufuria huandikwa au hupikiwa?" sauti ikatoka dirishani.

"Bi mkubwa, kwa heshima zote, wanawake hawapigi kura."

"Kura sipigi. Pilau napika. Nitakukumbuka siku ya kupakua."

Shemeji akageukia wanaume. "Haya, niulize jambo moja. Nyumba yake ina kufuli?"

Haikuwa nayo. Hakuna nyumba ya Mtaa wa Chini iliyokuwa na kufuli.

"Basi. Mtu asiye na kufuli atautunzaje ufunguo? Amepata wapi uzoefu?"

Hoja hii iliwasumbua Mtaa wa Chini siku nzima. Mwisho wakamtafutia Mpiga Mbiu kufuli ili apate uzoefu. Akaifunga nyumba yake vizuri sana, ufunguo ukiwa ndani, tukawa tunaingia kwa kupanda dirisha la uani, na shemeji akapata hoja mpya.

Upande wetu nao haukulala. Ikaulizwa ni nani avaaye soksi katika joto la Msambweni kama hana la kuficha. Ikanong'onwa kwamba Karani ana vidole vya miguu zaidi ya kumi. Jambo likakua hata Karani, mtu mwenye haya, akalazimika kuvua soksi barazani, mbele ya mashahidi wa mitaa yote miwili. Vidole vikahesabiwa, vikapatikana kumi. Mtaa wa Chini ukasema hesabu ile imefanywa na watu wa Mtaa wa Juu.

Ndipo shemeji akapata wazo lake kubwa. Asubuhi moja alikuja barazani petu, akavua viatu kwa adabu, akaweka tambuu.

"Shikamoo, Mpiga Mbiu."

"Marahaba. Sema."

"Mnaambiwa na Mtaa wa Juu kwamba mgombea wa Mtaa wa Chini alimtangaza mbuzi siku tatu, na mbuzi yuko nyuma yake."

Akalisema mara mbili, kama ilivyo desturi. Mimi nilikuwa nikichonga mpini wa jembe, nikaacha. Mpiga Mbiu alikuwa amefumba macho.

"Zilikuwa siku nne," akasema.

"Eh?"

"Siku nne. Ukisema tatu watu watakurekebisha, utaaibika."

"Basi sema nne," akasema shemeji kwa sauti iliyopotea.

Mpiga Mbiu akalirudia lote, siku nne, akaitia tambuu shavuni.

"Ami," nikasema shemeji alipokwisha ondoka, "utakwenda kulitangaza kweli?"

"Si umeona nimetafuna."

Alilitangaza kuanzia kwa wavuvi mpaka barabarani, na naapa hakuna tangazo alilolitoa kwa ustadi kama lile. Alipofika kwenye "na mbuzi yuko nyuma yake" alishusha sauti pole pole, kiasi cha mtu kugeuka kutazama nyuma yake mwenyewe. Watu waligeuka. Mzee mmoja alicheka mpaka akakalishwa chini. Mtaa wa Chini wakakutana kwa dharura, wakatunga lao la kumpiga Karani, kuhusu soksi, wakampelekea. Naye akalitoa, sawasawa, neno kwa neno. Jioni Bi Mpishi akamfuata.

"Wewe, mbona lile lao ulilitoa kwa utamu kuliko letu?"

"Lao lilitungwa vizuri," akajibu. Alionekana kusikitika kwa niaba yetu.

Wiki ile alizunguka kila siku. Wakati mwingine asubuhi alikuwa hafai kwa sababu ya kutojua kusoma, na mchana mpinzani wake hafai kwa sababu ya soksi, na pembe ni ileile. Watoto wakawa wanamfuata kama alivyofuatwa na yule mbuzi. Alikonda. Tambuu nyingi namna ile si chakula. Nilimwambia akatae hata moja. Akaniuliza, "Nikikataa la leo, la kesho nitakalotangaza watajuaje kwamba ndivyo lilivyosemwa?"

Halafu shemeji akaleta la mwisho. Siku hiyo hakunitazama. Aliweka tambuu, akasema upesi upesi, "Mnaambiwa na Mtaa wa Juu kwamba mtu huyu hakumwandikisha mkewe mwenyewe katika daftari. Atawaandikisha wake zenu?"

Akalisema mara ya pili kwa shida. Nadhani kufikia hapo alikuwa akitamani akataliwe.

Mpiga Mbiu alikaa na macho yamefumbwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akalirudia. Hakulirekebisha, maana halikuwa na kosa. Akatafuna.

Nilimfuata siku hiyo, kwa mbali. Pembe mara tatu. "Wenye masikio, mnaambiwa na Mtaa wa Juu kwamba mtu huyu hakumwandikisha mkewe mwenyewe." Alilitoa kwa sauti kamili, hakulipunguza, na mji haukucheka. Milango ikaanza kufungwa mbele yake, mmoja baada ya mwingine. Watu walikuwa wakijificha kwa haya. Alipofika Mtaa wa Juu, Karani alitoka nje, bila viatu, na soksi zake mchangani. Ni dhahiri hakuwa ameambiwa kwamba neno kama hilo limetumwa. Alilisikiliza mpaka mwisho, na Mpiga Mbiu akamalizia, "Atawaandikisha wake zenu?" akainamisha kichwa kwa adabu, akapita.

Toka siku hiyo hapakuwa na uchaguzi. Mtaa wa Chini na Mtaa wa Juu, wote walimtaka Mpiga Mbiu. Shemeji mwenyewe alionekana akimpelekea samaki.

Kura ilipigwa Ijumaa baada ya swala, kiwanjani mbele ya stoo. Kura yetu ilikuwa ya kusimama: wagombea wanasimama mbele, na wewe unakwenda kujipanga nyuma ya mtu wako. Mwenyekiti aliwekewa kiti kivulini, akasinzia. Mpiga Mbiu akasimama upande wa stoo, Karani upande wa kisima na mwavuli wake, na watu wakaambiwa wachague.

Ikawa mstari mmoja. Ulitoka kwa Mpiga Mbiu ukazunguka stoo, ukapita nyuma ya msikiti ukapotea. Shemeji alikuwa wa nane. Kule kisimani Karani alisimama peke yake kabisa. Alijaribu kuonekana kama mtu aliyekusudia kuwa peke yake. Akafungua mwavuli, akaufunga.

Wewe uliyekulia kwingine huenda usilielewe lililofuata. Kwetu mtu haachwi peke yake mbele ya watu. Akila peke yake unakwenda kumega japo tonge moja hata kama umeshiba. Akicheka peke yake mnacheka. Nilikuwa wa tatu mstarini, nami nilijisikia vibaya, na nikasikia nyuma yangu watu wakikohoa kikohozi cha kujisikia vibaya. Lakini nani angetoka? Ungeitwa msaliti.

Aliyetoka ni Mpiga Mbiu. Aliacha mahali pake, akavuka kiwanja, akamwamkia Karani kwa mkono, akazunguka akasimama nyuma yake ili asionekane hana mtu.

Sisi tulikuwa tumeambiwa kusimama nyuma ya mtu wetu. Wa kwanza alisita, kisha akamfuata. Wa pili akamfuata wa kwanza. Mimi, Mungu anisamehe, nikamfuata wa pili. Mstari mzima ukageuka kama kamba inayovutwa, ukatoka nyuma ya msikiti, ukazunguka stoo, ukaenda kujinyoosha upya kisimani. Kishindo cha miguu kikamwamsha Mwenyekiti. Akafumbua macho, akaona mji wake wote umejipanga nyuma ya Karani bila hata mtu mmoja kubaki upande wa pili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hivi ndivyo ninavyopenda. Makamu ni Karani."

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Hakusikia. Karani akaenda mpaka kwenye sikio lake akapaza sauti, "Mzee, sistahili."

"Hawajambo," akajibu Mwenyekiti. "Na nyumbani kwako?" Akatoa tambuu mfukoni akamwekea Mpiga Mbiu, akalisema neno mara mbili.

Ningekuwa mimi ningeitupa ile tambuu kisimani. Yeye akafumba macho, akalirudia, akatafuna. Kisha akazunguka mji mzima akitangaza, "Mnaambiwa na Mwenyekiti kwamba Makamu wenu ni Karani, kwa kura za watu wote," na katika kila nyumba hapakuwa na mtu, kwa kuwa wote walikuwa bado kiwanjani wakilaumiana, kila mmoja akiapa kwamba yeye alidhani anahama peke yake.

Nilimngoja barazani na hasira zangu.

"Ami, umejishinda mwenyewe."

"Alikuwa peke yake."

"Na ufunguo?"

Alikuwa akiifuta pembe kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kukauka.

Niliondoka baada ya siku chache. Nilikuwa siwezi kuwatazama watu, hasa yule wa pili mstarini. Nikakaa Kombani, nikakaa Chale, nikarudi Kombani tena. Niliporudi kwake miaka ilikuwa imepita, naye alikuwa amezeeka kwa upande mmoja tu: pumzi. Pembe aliipiga mara mbili badala ya tatu. Habari za umakamu zilikuwa kama nilivyotazamia. Karani alikuwa ameyapanga masufuria kwa ukubwa, ameyapa namba, na hakuna mwiko uliowahi kupotea. Daftari lilifuatwa. Waliomo walipikiwa, wasiokuwamo hawakufunguliwa stoo.

Asubuhi ya kwanza tulikaa barazani tangu alfajiri. Bi Mpishi akapita na ndoo, akatuambia kwamba kule mwisho wa mji, kwenye vibanda vinavyopakana na miwa, amefariki mkata miwa mmoja, mtu wa bara. Ndugu zake wamepelekewa habari, wako njiani kwa miguu. Aliposema "kwa miguu" alimtazama Mpiga Mbiu, kisha akaendelea na ndoo yake.

Tukakaa. Nilikuwa pale muda wote na nasema niliyoyaona: hakuna aliyekuja. Hakuja Karani, hakuja mjumbe wake, hakuja mtu na tambuu.

Jua lilipopanda kidogo Mpiga Mbiu aliingia ndani akatoka na mkebe. Akachukua jani, akalipaka chokaa, akatia popoo, akalikunja vizuri, akaliweka sakafuni mbele yake mwenyewe. Akavua viatu. Midomo yake ikasema jambo mara mbili, kwa ile sauti ya nyumbani, nami sikulisikia. Akafumba macho, midomo ikalirudia mara moja. Kisha akaiokota tambuu akaitia shavuni, na akaichukua pembe.

Siku hiyo aliipiga mara tatu.

"Wenye masikio, mnaambiwa na Makamu: stoo iko wazi leo kwa msiba wa mwisho wa mji. Na iko wazi kwa kila maiti wa mji huu, aliyeandikwa na asiyeandikwa. Wapishi waje."

Hakuna aliyeuliza. Angeuliza nini? Huyu ni mtu aliyejitangazia mbuzi, na siku nne badala ya tatu. Wanawake walitoka wakijifunga leso, vijana wakaenda kutafuta kuni, na tulipofika kiwanjani Bi Mpishi alikuwa amekwisha panga mafiga matatu, akimtuma shemeji maji. Wote walikuwa wamekaa mbele ya stoo iliyofungwa wakingoja ufunguo, kwa utulivu wa watu walioahidiwa.

Karani akaja, bila haraka, mwavuli mkononi na kitabu chake kwapani. Watu wakampisha, wakamshukuru. Mwanamke mmoja mzee akamwombea dua. Akapita katikati yao mpaka penye mlango, ambapo Mpiga Mbiu alikuwa amesimama akihema, pembe imening'inia, mdomo mwekundu. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo, na miguu yangu ilitaka kukimbia kwa niaba yake.

"Nimeusikia ujumbe wangu," Karani akasema.

"Nimeutoa sawasawa?" akauliza Mpiga Mbiu.

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alitazama kule kisimani, pale aliposimama siku ile ya kura, kisha akatoa ufunguo mfukoni akautia katika kufuli.

"Umesahau mabusati," akasema. "Wametoka mbali, watakalia nini?"

Mpiga Mbiu akafikiri, akakiri kwamba ni kweli, na akarudi mtaani na pembe yake kuwaambia watu kuhusu mabusati.